Vumbi la Roswitha Kaczmarek

Roswitha Kaczmarek alikuwa akifika kazini kabla wenye akili hawajaamka. Wenye akili ndilo jina alilowapa maprofesa na wanafunzi wao, wala hakulisema kwa dharau. Alilisema kama mwingine anavyosema wenye magari. Jengo lao pale Herne, kando ya mfereji, zamani lilikuwa ofisi za mgodi wa makaa ya mawe. Lifti yake ya kale iling'olewa, likabaki shimo tupu kutoka ghorofa ya nne mpaka chini kabisa, na ndani ya shimo hilo wakasimamisha bomba nene, wakalinyonya hewa yote. Humo ndimo walimokuwa wakidondosha vumbi, mwaka baada ya mwaka, wakitafuta dunia ilianzaje.

Ukimweleza hilo muuza mikate anacheka, na Roswitha alishachekwa sana. Lakini mambo yenyewe si magumu kiasi hicho. Wanasema jua lilipokuwa changa halikuwa na dunia hata moja ya kulizunguka. Kulikuwa na gesi na vumbi tu, vumbi jembamba kuliko unga wa ngano. Chembe ikakutana na chembe, zikashikana. Vitonge vikakutana na vitonge, navyo vikashikana. Mpaka hapo kila mtu anakubali. Shida inaanza matonge yakishafikia ukubwa wa punje ya mtama. Hapo hayataki tena kushikana. Yanagongana, yanarukana, kila moja linashika njia yake kama watu waliogombania urithi. Sasa milima imetoka wapi, na bahari, na Herne yenyewe? Jengo zima lilikuwa linalipwa mshahara kwa ajili ya swali hilo.

Kwa hiyo waliliachia tonge moja kutoka juu, na lilipokuwa linapita waliliachia la pili. Yote mawili yakianguka pamoja, yenyewe kwa yenyewe ni kama hayaanguki. Yanaelea, yanasogeleana taratibu kama yangesogeleana kule angani, na kamera inaanguka nayo ikiyatazama. Kufumba na kufumbua yamefika chini. Halafu wenye akili wanakaa siku nzima kutazama picha za huko kufumba na kufumbua.

Kazi ya Roswitha ilikuwa kuyatengeneza matonge. Aliuoka unga wa mawe kwenye tanuri usiku kucha ili usibakie na unyevu wowote, uwe mkavu kama vumbi la kule angani, akauchekecha asubuhi, akaufinyanga kwenye vikombe vidogo vya chuma, akaupanga kwenye masinia, akaurudisha tanurini kidogo, kisha akauacha upoe. Ujana wake aliumalizia kwenye duka la mikate, mpaka mwenye duka akafunga, naye akaja kuomba kazi ya kufagia taasisi. Profesa wa wakati huo alimwona akiukung'uta unga uliomwagika bila kupandisha hata wingu la vumbi, akamwambia, weka ufagio chini, mama, njoo huku. Tangu siku hiyo ndipo alipo. Maprofesa watatu wamepita mbele yake. Magoti yake yalikuwa yamechoka kwa ngazi za ghorofa zile nne, mgongo umechoka kwa kuinamia chekeche, na hata nywele zake, akizichana, aliona zimechoka.

Mumewe, Egon, naye alikuwa mtu wa vumbi, ila lake lilikuwa jeusi. Alichimba makaa chini ya ardhi tangu ana ndevu mbili tatu mpaka mgodi ulipofungwa, na vumbi la kule chini likamfuata nyumbani, likakaa ndani ya mapafu yake likagoma kutoka. Njiwa wake wa mashindano ilibidi awagawe kwa jirani, kwa sababu hata manyoya yao yalimkaba. Sasa alikaa jikoni karibu na mashine ya hewa, mpira puani, akisikiliza mpira wa miguu redioni. Jioni mkewe alipoingia, swali lake lilikuwa moja.

"Umeumba dunia ngapi leo?"

"Hakuna. Yamerukana."

"Basi Mungu bado hana mshindani. Leta supu."

Mwaka huo, vuli ilipokuwa inaisha, daktari alimvuta Roswitha pembeni. Alimwambia, mpeleke baharini, bibi, hewa ya kule itampunguzia. Roswitha akauliza kama wangoje joto la Agosti. Daktari akasema mpeleke Aprili, na alivyosema Aprili, Roswitha akajua hatakiwi kuuliza habari za Agosti. Akakodi chumba katika kisiwa cha Juist, kwa bibi mmoja mjane. Kustaafu kwake kulikuwa mwisho wa Machi. Mambo yote yalikwenda sawa isipokuwa moja: alikuwa ametoa neno.

Neno hilo alimpa Swantje. Swantje Harms alikuwa anasomea udaktari, wa vitabu, si wa sindano, na miaka miwili ya kwanza ilimwendea vibaya. Kila alichodondosha kilirukana. Siku moja alikutwa ngazini analia, na Roswitha, asiyependa kuona mtu analia mahali ambapo watu wanapita, alimwambia, "Inuka. Siondoki hapa kabla kazi yako haijaisha. Umesikia? Inuka, sakafu ina baridi." Kisheria hakuna ambaye angemzuia kwenda zake. Lakini alishalisema, na Roswitha hakuwa mtu wa kusema na kumeza.

Ndipo Januari matonge yakaanza kushikana.

Mara ya kwanza hakuna aliyeamini. Mara ya pili Swantje alipiga kelele mpaka mlinzi akapanda ngazi. Matonge ya ukubwa wa punje ya mtama, yaliyokuwa yakirukana tangu taasisi ianze, sasa yaligusana yakatulia pamoja kama watoto wawili waliochoka kucheza. Profesa Dückers, mrefu yule mwenye mabega ya kuinama, alileta keki ya asali na lozi. Alimkumbatia Roswitha, jambo ambalo hajapata kulifanya, kisha akaona haya akaanza kufuta miwani yake.

"Ni mikono yako hii, Bi Kaczmarek," alisema. "Sisi tunaandika tu."

Roswitha alisema mikono yake inataka kwenda baharini. Wakacheka wote. Hesabu ilikuwa rahisi: Swantje akimaliza awamu hiyo ya majaribio mwezi Machi, neno limetimia.

Februari homa ikamlaza Roswitha kitandani wiki nzima. Swantje aliyatengeneza matonge mwenyewe, na yote yakarukana. Roswitha aliporudi, yakashikana tena. Basi ikawa ndiyo hadithi ya jengo zima. Mhudumu wa mapokezi akamwomba amshikie tiketi yake ya bahati nasibu. Roswitha alijifanya kukasirika, lakini siku hiyo alipanda ngazi bila kusimama katikati.

Huku kwetu Herne mtu akiingia chumbani asubuhi, kabla hata hajavua koti anafungua madirisha yote, wazi kabisa, iwe theluji iwe mvua ya mawe. Chumba kipate hewa. Kisha anafunga, anachemsha kahawa, siku inaanza. Asiyefanya hivyo anasemwa. Wenye nyumba wanaiandika mpaka kwenye mikataba. Roswitha aliyafungua madirisha ya maabara miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kuandika popote kwamba yanafunguliwa, kama ambavyo hakuna anayeandika kwamba amepumua. Swantje peke yake ndiye alikuwa adui wa madirisha. Alizaliwa pwani ya kaskazini lakini alikuwa mwoga wa baridi ajabu, anakaa na blanketi magotini mpaka Mei.

"Binti wa pwani," Roswitha alimtania, "kwenu upepo unang'oa mapaa, na wewe unaogopa dirisha?"

"Ndiyo sababu nilihama, Bi Kaczmarek."

Asubuhi moja mwanzoni mwa Machi, baridi ilikuwa kali. Roswitha aliyatoa masinia tanurini, akayaweka kwenye meza yake yapoe, akafungua madirisha, akaenda kuchota maji ya kahawa. Aliporudi alifunga. Watu wakaanza kuingia na makoti yaliyolowa, mashine ya kahawa ikafoka, chumba kikapata joto. Mtu wa posta aliingia na kifurushi, na miwani yake ikapata ukungu papo hapo, akasimama mlangoni kama kipofu huku akitukana majira. Roswitha alikuwa ameshika sinia. Alicheka, akalihamishia mkono wa pili, akahisi vidole vimelowa.

Aligeuza kiganja akakitazama. Akapapasa chini ya sinia la pili, na la tatu. Yote yalikuwa yametoka jasho.

Meza hiyo haikuwa hapo siku zote. Waliisogeza dirishani Januari, ili kamera mpya ipate nafasi. Masinia yaliyotoka tanurini makavu kama mfupa yalikuwa yanapigwa na baridi ya dirisha, kisha chumba kikijaa joto na mvuke wa makoti na kahawa, chuma baridi kikalowa kama miwani ya yule mtu wa posta, na unga nao ukanywa. Mtu aliyekaa na unga wa mikate hahitaji kuambiwa unga ulioonja maji unafanyaje. Unashikana. Na wiki ile aliyoumwa, Swantje mwoga wa baridi hakufungua hata kidirisha kimoja.

Alikaa kwenye kigoda. Uchovu ulimwingia kutoka miguuni ukapanda.

Jioni alimweleza Egon huku anamenya viazi, na Egon akapunguza sauti ya redio, jambo ambalo si la kila siku.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hakuna."

"Egon!"

"Rosi, dunia zimeshaumbwa. Hii hapa tumeikalia, kiti changu kiko juu yake. Haikukungoja wewe wala huyo Dückers wako. Mimi ndiye ninayengoja." Kikohozi kikamkamata, akashika ukingo wa meza mpaka kilipomwachia. "Wakirudia kazi, watarudia na nani? Na wewe. Mpaka lini?"

Roswitha aliendelea na viazi, akamenya vingi kuliko watu wawili wanavyoweza kula.

Kesho yake aliondoka nyumbani akiwa ameamua kunyamaza. Kabla ya saa nne alikuwa bado amenyamaza, na masinia yalikuwa yamelala dirishani kama kawaida, asiyatazame. Swantje aliingia mbio, blanketi shingoni.

"Bi Kaczmarek! Nimepewa kusimama siku ya kwanza! Mkutano wa wiki ijayo, ukumbi mkubwa, watu wa kila nchi. Nitawaonyesha picha za matonge yetu kwenye ukuta mzima."

Roswitha akauona ukumbi huo. Akamwona binti huyu na blanketi lake, na mbele yake safu za wenye akili kutoka kila nchi, na mmoja nyuma ananyanyua mkono, anauliza kwa upole kabisa: mliyapozea wapi?

"Njoo hapa," alisema. "Tia mkono chini ya sinia."

Swantje alitia mkono. Uso wake ulikuwa bado unacheka, kisha ukasahau kucheka.

"Nini hii?"

"Maji."

"Yametoka wapi?"

"Dirishani. Kwenye makoti. Kwenye kahawa yako. Tangu tuliposogeza meza."

"Nyamaza, Bi Kaczmarek. Tafadhali, nyamaza kidogo." Akaenda mpaka mlangoni akarudi. "Unataka kuniua? Nani alikufundisha kufungua madirisha hayo kila siku ya Mungu?"

"Mama yangu."

"Na mimi mama yangu. Ndiyo maana nayachukia!"

Hawakubishana zaidi. Waliuoka unga ule ule, wakaugawa. Masinia mawili yakawekwa dirishani, mawili yakapozwa ndani ya kabati la kioo lenye chumvi ya kukausha, mlango ukafungwa. Kisha wakayadondosha. Swantje alikaa mbele ya picha, Roswitha nyuma yake, amesimama kwa sababu akikaa asingeinuka. Matonge ya dirishani yaligusana, yakakaa pamoja. Matonge ya kabatini yaligusana, yakarukana, na kila moja likaenda zake gizani kama mababu zao wote waliotangulia.

"Kwa hiyo nimegundua kahawa," alisema Swantje.

Profesa Dückers alipanda akatazama, akaomba kutazama tena, halafu akavua miwani asiifute. Hakumlaumu mtu. Ndivyo alivyokuwa, na mara nyingine Roswitha alitamani angefoka, kwa maana mtu anayefoka unaweza kumjibu. Alisema Swantje asiende mkutanoni na picha zile. Alisema yote ya tangu Januari yatarudiwa, kabati likiwa kavu, meza ikiwa mbali na dirisha. Septemba hivi, labda Oktoba.

"Bi Kaczmarek," alisema, "najua nakuomba jambo kubwa. Lakini hapa hakuna mwingine anayejua kuyatengeneza. Mpaka vuli tu. Nitaandika kwa wakubwa, hawatakataa."

Swantje hakulitaja lile neno la ngazini. Alitazama viatu vyake, na Roswitha aliona kabisa kwamba analitazama hilo neno.

"Hapana," alisema Roswitha.

"Hata siku mbili tatu kwa wiki?"

"Hapana, Profesa. Nimekaa na vumbi nyumbani na nimekaa na vumbi kazini. Lenu lina subira, liko tangu kabla ya jua kuwaka vizuri, mmesema wenyewe. La kwangu halina." Akamgeukia msichana. "Swantje, nilikuahidi, na sasa neno langu lazima nilivunje kwa mmoja kati ya watu wawili. Wewe utapona."

Swantje aliinuka akatoka. Siku kadhaa hakusema naye zaidi ya habari za asubuhi, na Roswitha hakumlaumu. Alijikaza kisabuni, akachekecha, akaoka, akapanga, akakata siku zake. Zilikuwa siku nzito kuliko nyingine zote alizofanya kazi pale, kwa sababu hata mhudumu wa mapokezi hakumtania tena.

Asubuhi moja alipofungua mlango alikuta taa inawaka. Swantje alikuwa amekaa mbele ya tanuri, amejifunga blanketi mpaka kidevuni, macho mekundu kwa usingizi.

"Nionyeshe," alisema.

"Nini?"

"Chekeche. Unavyolishika."

Roswitha akavua koti lake. Mkono wake uligusa komeo la dirisha, ukajua, ukarudi. Akamshika Swantje viwiko kutoka nyuma, kama alivyowahi kushikwa yeye dukani.

"Usilitikise kama unagombana nalo. Lilegeze. Mabega hayo yashushe, nani anakukimbiza? Acha unga ushuke wenyewe."

Unga ulipandisha wingu, wote wawili wakapiga chafya.

"Sitaweza," alisema Swantje.

"Hutaweza leo. Tena."

Walifanya hivyo kila alfajiri mpaka mwezi ukaisha. Siku ya mwisho matonge ya Swantje yalikuwa bado yanapasuka moja katika matatu, na hilo halikuwa baya. Wakamfanyia Roswitha sherehe ya kahawa na keki. Dückers alisema maneno machache, akasahau mengine, akampa ua kwenye chungu. Swantje alikuja amechelewa, nywele zimejaa vumbi jeupe, akala keki yake akiwa wima, akamkumbatia kwa mkono mmoja.

"Mengine nimeyaacha tanurini," alisema, "nisamehe," akapanda ngazi mbio.

Baada ya Pasaka, Roswitha na Egon walipanda treni. Safari ambayo mtu mzima wa afya anaimaliza kabla ya chakula cha mchana iliwachukua siku nzima, kwa maana kila stesheni ya kubadilisha treni ilikuwa na ngazi, na kila ngazi Egon aliipanda kama anapanda kutoka mgodini. Roswitha alibeba sanduku, na mfuko, na mtungi mdogo wa hewa, na ubishi wa Egon, aliyetaka kubeba angalau kimoja.

"Beba tiketi," alimwambia.

"Tiketi haina uzito."

"Basi hutaichoka."

Bandarini Norddeich waliambiwa wangoje. Meli ya Juist haiendi mpaka maji yajae, na maji yalikuwa mbali, tope limelala tupu mpaka upeo wa macho. Walikaa kwenye benchi, migongo kwenye ukuta wa ofisi ya tiketi, upepo ukiwapiga usoni. Egon akataka mkate wa samaki wenye vitunguu. Roswitha akamletea, akamfungulia karatasi. Alimsikiliza anavyovuta pumzi, kama alivyozoea, akitafuta kama imebadilika. Haikuwa imebadilika. Pengine ilikuwa mapema mno. Pengine haitabadilika. Hakuwa na nguvu ya kulifikiria.

"Inakuwaje?" aliuliza.

"Una vitunguu vingi."

"Hewa, Egon. Nauliza hewa."

"Ina chumvi." Akatafuna. "Huyo msichana wako, sasa hivi anadondosha?"

"Anadondosha."

"Yanarukana?"

"Yatakuwa yanarukana."

Egon akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari za ndugu wa mbali. "Maskini," alisema, na haikujulikana anamwonea huruma nani.

Kisha akamtazama mkewe vizuri, labda kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kichwa chake Roswitha kilikuwa kinaanguka, kinaamka, kinaanguka tena.

"Lala," alimwambia. "Maji bado."

"Na wewe? Na mtungi? Na meli ikija?"

"Miaka yote nilikuwa naangalia taa ya hatari kule chini, nitashindwa kuangalia meli? Lala, Rosi."

Akalala hapo hapo, mdomo wazi, kichwa begani mwake. Egon aliweka mkate chini, akavuta skafu ya mkewe ikamfunika sikio, akakaa anatazama tope, mkono mmoja kwenye mtungi na mwingine umezishika tiketi mbili. Watu waliopita na watoto na baiskeli aliwaashiria wapunguze kelele. Maji yalianza kuingia kwenye mifereji ya matope, membamba, bila haraka, naye akayaacha yaje bila kumwamsha.